Tamashani wawili: mwongozo kamili wa jua, umati na baridi ya usiku Nyanda za Juu Kusini

Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam kwamba Mbeya kuna jua la kumwangusha kijana mzima, atabisha. Kwake Mbeya ni sweta, ukungu na viazi. Hilo ndilo linalowaponza wageni, na wenyeji pia. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Iringa mjini iko karibu mita 1,600. Kila ukipanda mita 1,000, miale inayounguza ngozi huongezeka kwa takriban asilimia 10. Kisha ongeza kalenda: katikati ya Oktoba, wakati kiangazi kinaelekea ukingoni na mvua hazijaanza, jua la mchana hupita utosini kabisa mwa Mbeya na Iringa. Ukuta hauna kivuli saa hiyo. Upepo mkavu nao hukausha jasho kabla hujalihisi, kwa hiyo mtu anapoteza maji huku akisema, "Leo hali ya hewa nzuri."

Jua likizama, kibao kinageuka. Aliyevaa kifulana saa nane mchana anatetemeka saa nne usiku. Kama tamasha ni la Juni au Julai, baridi ya usiku Mbeya huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Kyela ni habari nyingine kabisa: kule bondeni, kando ya Ziwa Nyasa, ni mita 500 hivi tu, joto lina unyevu, jasho halikauki na usiku hauna ahueni kubwa. Ukienda kwenye shoo Kyela au Matema, jiandae kwa joto la mchana na la usiku, pamoja na mbu.

Mwongozo huu ni wa watu wawili wanaokwenda pamoja: mtu na mkewe, marafiki, dada na mdogo wake, shemeji aliyekuja kutembea. Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni hii: kila mmoja awe na uwezo wa kufika nyumbani bila mwenzake, halafu msiachane. Nauli yako mfukoni mwako, nauli yake mfukoni mwake. Maji yako, maji yake. Wengi hufanya kinyume: mmoja anabeba pesa zote, simu yenye chaji na ufunguo wa gesti, mwingine anabeba furaha tu. Wakipotezana dakika kumi, huyo wa pili hana kitu.

Hatua ya 1: Kubalianeni kabla ya kukata tiketi

Kaeni chini siku mbili tatu kabla, muulizane mambo manne. Mnakwenda kumsikiliza nani? Mtaondoka saa ngapi, hata kama msanii mkubwa hajapanda? Nani atakunywa pombe na nani hatakunywa? Mwenzako anasumbuliwa na nini kiafya?

Swali la muda ni zito kuliko linavyoonekana. Bango likisema saa nane mchana, mara nyingi hizo ni saa za kufungua geti na kupiga muziki wa spika. Wasanii chipukizi wa mkoani hupanda jioni, na yule uliyemfuata anaweza kupanda usiku mkubwa. Kama hamna hamu na ya mchana, ingieni saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea. Hamtakuwa mmekosa kitu, na mtakuwa mmejiokoa saa tatu za kuungua bure. Kama mnaipenda burudani ya mchana, basi soma hatua zinazofuata kwa makini zaidi.

Kuhusu pombe, mmoja abaki mzima wa akili usiku kucha. Kama ni Iringa wakati wa mvua, ulanzi, pombe ya mianzi, hauko mbali, na ni mtamu, na mtu hujikuta amekunywa mwingi mchana kweupe. Pombe hukukojoza na kukuondolea tahadhari, jua likiwa kichwani.

Hatua ya 2: Ongeeni afya bila kuoneana haya

Hapa watu huficha, na kuficha huku ni hatari. Mwenye sikoseli lazima mwenzake ajue, kwa sababu baridi, kukosa maji na uchovu ni vichochezi vya maumivu makali, na tamasha la huku kwetu lina vyote vitatu kwa siku moja. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, asiiache kwenye begi lililobaki kwenye gari. Vumbi la uwanja wenye watu wanaocheza ni balaa. Mwenye kisukari abebe kitu kitamu na asiruke mlo. Anayetumia dawa za presha zinazomkojoza ajue kwamba maji yanamwisha haraka kuliko wengine. Mwenye kifafa akae mbali na taa zinazomwekamweka. Mjamzito asikae katikati ya umati kabisa. Atafute kiti pembeni, na kama viti hakuna, hilo tamasha si lake safari hii.

Mwenzako akiwa na ualbino, jua hilo kwake ni hatari kubwa zaidi: kofia ya ukingo mpana, shati la mikono mirefu, miwani ya jua na losheni ya kukinga jua ya kiwango cha 30 au zaidi, inayopakwa upya kila baada ya saa mbili. Kuna losheni iitwayo Kilisun inayotengenezwa Moshi mahususi kwa ajili ya watu wenye ualbino; kama ameizoea, ahakikishe haijaisha wiki hiyo.

Hatua ya 3: Nguo na mfuko

Mchana: pamba nyepesi, rangi isiyokoza, kofia. Viatu vya kufunika vidole, vilivyozoea mguu. Ndala ziache gesti. Kwenye umati kiatu kikivuka unainama kukitafuta, na kuinama ndicho kitu cha mwisho unachotaka kufanya.

Usiku: jaketi au sweta. Mtu akikuambia halina haja kwa sababu mchana ni joto, si mwenyeji. Kama umekuja bila nguo nzito, mitumba ya soko la Mwanjelwa, Mbeya, itakusitiri kwa bei ya kuelewana.

Khanga au kitenge kimoja kila mtu, hata mwanaume. Mchana ni kivuli cha kichwa, ukikilowesha maji ni kipoozeo cha shingo, usiku ni shuka la mabegani, na mtu akizimia ni pazia na kitu cha kumpepea.

Mfuko uwe mdogo, wa kuvaa kifuani. Ndani yake: maji, pakiti ya karanga, karatasi laini ya chooni, losheni, vidonge vya mwenye dawa, pawabenki, vizibo vya masikio na kipande cha karatasi. Kwenye karatasi hiyo andika kwa kalamu namba ya mwenzako, namba ya ndugu mmoja aliye nyumbani na ya dereva wa bajaji. Siku hizi hakuna anayekariri namba. Simu ikiibwa, umepotea mara mbili. Kabla ya kutoka, bonyeza *#06# kwenye simu, uandike namba ya utambulisho itakayotokea, uiache nyumbani. Polisi wataihitaji kama vibaka watakuwa wamekutangulia.

Pesa zigawanywe. Noti za matumizi mfuko wa mbele, nauli ya kurudi kwenye soksi au mfuko wa ndani, na isiguswe hata msanii akipanda upya. Usitegemee pesa ya simu peke yake: watu wakijaa uwanjani mtandao huelemewa, na muuza mishikaki hana subira ya kungoja ujumbe wa muamala.

Hatua ya 4: Asubuhi ya siku yenyewe

Anzeni kunywa maji mkiwa bado nyumbani. Angalia mkojo: ukifanana na chai ya rangi, mwili una deni na usiupeleke juani hivyo. Kuleni chakula cha maana, kama ndizi za Tukuyu na maharage, au wali na samaki, lakini kisiwe kizito sana wala cha mafuta mengi. Parachichi huku halina msimu wa kukosekana kwa muda mrefu. Nusu yake na chumvi kidogo ni kifungua kinywa kizuri kwa siku ya jasho.

Tengenezeni maji ya chumvi na sukari, chupa moja ya akiba: lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu. Kama mabaunsa hawaruhusu chupa kuingia, nunueni pakiti za unga wa ORS duka la dawa. Hizo hazimkeri mtu getini.

Hatua ya 5: Kufika na kuingia

Kwa Mbeya, kumbukeni kwamba jiji limejipanga kuifuata barabara kuu iendayo Tunduma. Anayetoka Uyole na anayetoka Mbalizi wote wanapita njia hiyohiyo, na eneo la Mwanjelwa hadi Kabwe hujaa siku za kawaida, sembuse siku ya shoo. Tokeni mapema, au shukeni mbali kidogo mtembee. Kwa Iringa, basi la mkoani litakushusha stendi ya Igumbilo, nje ya mji. Bado una safari ya kupanda mlima kwenda mjini, kwa hiyo iweke kwenye hesabu ya muda na nauli.

Kabla ya kukaa, zungukeni uwanja wote mara moja, iwe ni Sokoine wa Mbeya, Samora wa Iringa, au viwanja vya John Mwakangale vya Nanenane. Ni kazi ya robo saa. Mtafute mageti yote, si lile mliloingilia tu. Muulize mlinzi, kwa salamu kwanza, na ukiwa Iringa "kamwene" hufungua mdomo wa mtu haraka: "Kaka, watu wakitoka usiku mnafungua mageti gani?" Geti lenye kufuli lisiwe kwenye mpango wenu. Muone maji yako wapi, vyoo viko wapi, na watu wa Msalaba Mwekundu au wahudumu wa afya wamekaa wapi.

Halafu chagueni alama ya kukutania. Isiwe jukwaa, isiwe geti kuu, isiwe gari la matangazo. Hivyo hujaa au huondoka. Chagueni kitu kisichosogea, kilicho pembeni na kinachoonekana usiku: mlingoti wa taa, kona ya ukuta, mti. Nendeni wote wawili mkauguse. Mkipotezana, hakuna anayetafuta. Kila mmoja anakwenda kwenye alama na kusubiri. Watu wawili wanaotafutana kwenye umati huweza kuzungukana usiku mzima. Simu ikigoma, tuma ujumbe mfupi wa maandishi. Mara nyingi hupenya pale ambapo sauti haipiti.

Mahali pa kukaa: mchana tafuteni upande wa magharibi wa uwanja, kwa sababu kivuli cha jukwaa la watazamaji au ukuta wa upande huo kitawafikia kwanza alasiri. Jioni, mtu aliyeelekea magharibi anapigwa na jua la macho hadi kama saa 12 na nusu. Usiku, sogeeni karibu na meza ya fundi mitambo, ile iliyopo katikati mbali kidogo na jukwaa. Fundi anapanga sauti kwa masikio yake akiwa pale, kwa hiyo pale ndipo muziki unaposikika vizuri kuliko mahali popote. Mbele kabisa, chini ya spika, unasikia besi na kelele. Kaeni ubavuni mwa meza hiyo, si mbele yake, mpate pa kupenyea.

Masikio nayo yana kikomo. Kwenye desibeli 85 sikio huvumilia saa 8 hivi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo hupungua kwa nusu, hadi desibeli 100 ni robo saa tu. Spika za tamasha hufika huko bila shida. Vizibo vya sponji ni bei ndogo. Pamba ya kawaida haisaidii sana.

Hatua ya 6: Kuusoma umati

Hapa nawaomba mtulie msome polepole.

Nchi hii imeshazika watu kwa ajili ya msongamano. Oktoba 2008 watoto 20 walikufa Tabora kwenye disko la sikukuu ya Idd. Februari 2020 watu 20 walikufa Moshi kwenye ibada ya uwanjani. Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, polisi walitangaza vifo 45 siku ya kumuaga Rais Magufuli. Na si kwetu tu: Houston, Marekani, Novemba 2021, watu 10 walikufa kutokana na tamasha la muziki. Tunazoea kusema "walikanyagana", na kweli wapo wanaokanyagwa, lakini wengi kwenye misongamano hufa kwa kukosa pumzi, hata wakiwa wamesimama. Kifua kikibanwa mbele na nyuma, mapafu hayana pa kutanukia.

Kwa hiyo pimeni nafasi. Mkiwa watu wawili watatu kwenye mita moja ya mraba, mnacheza kwa raha. Wakifika wanne au watano, mnagusana pande zote; huo ndio wakati wa kuondoka, hata kama wimbo ni ule mnaoupenda. Wakizidi hapo, mtu hatembei tena kwa miguu yake, anabebwa na msukumo. Kipimo chepesi: jaribu kuinua mikono yote miwili usoni na kugeuka nyuma. Ukishindwa, umechelewa kidogo. Ukiweza kwa taabu, ondoka sasa.

Kutoka: msirudi kinyume na umati, wala msisonge mbele. Pitieni mshazari kuelekea pembeni, hatua chache kila msukumo unapotulia. Aliye mbele afungue njia, wa nyuma amshike mkanda au mabega, si kidole. Mikono iinuliwe kifuani kama bondia, viwiko nje kidogo, ili kifua kipate nafasi ya kupumua. Msipige kelele ovyo. Pumzi ni ya kupumulia. Kitu kikianguka, hata kama ni simu ya milioni, kiacheni. Epukeni uzio, ukuta na nguzo, maana huko ndiko watu hubanwa. Ukianguka na huwezi kuinuka, jikunje kwa ubavu, mikono ikikinga kichwa, usilale chali wala kifudifudi.

Wekeni ishara ya mkono, kwa sababu kwenye spika hamtasikizana. Kuminywa mkono mara mbili maana yake "tutoke", na haijadiliwi. Anayeminywa anatoka, maswali yataulizwa nje. Msipoiheshimu ishara hii, mengine yote hayana kazi.

Neno moja kuhusu mvua za Novemba na kuendelea: ukiona umeme na radi ikasikika ndani ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi. Ingieni kwenye jengo au gari. Msijibanze chini ya mti wala turubai la nguzo za chuma.

Hatua ya 7: Joto likimshika mwenzako

Mjuane sura. Mwenzako akinyamaza ghafla, akishika kichwa, akisema tumbo linamchafuka, miguu inakaza, ngozi imelowa jasho baridi, hiyo ni dalili ya kuchoshwa na joto. Mtoe juani umpeleke kivulini, mlaze, inua miguu, legeza nguo, mloweshe kwa khanga yenye maji na kumpepea, mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Baada ya nusu saa awe amepata nafuu. Asiporudi hali yake, mpeleke kwa wahudumu wa afya. Na hata akipata nafuu, kwake tamasha limekwisha; usimrudishe juani kwa sababu umelipa kiingilio.

Hali ya pili ni dharura ya kufa na kupona: anaongea yasiyoeleweka, anayumba, hajui yuko wapi, anatapika, anapata degedege au anazimia, na mwili unawaka moto. Joto la mwili likifika nyuzi 40 na akili ikachanganyika, viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Asipotoka jasho au akitoka, usilifanye hilo kigezo. Piga kelele ya msaada, mtu mmoja akawaite wahudumu wa afya au apige 112, wewe anza kumpooza papo hapo: vua nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, pepea kwa nguvu, weka vitu vya baridi shingoni, kwapani na kwenye kinena. Chupa za soda zilizotoka kwenye barafu ya muuzaji zinafaa. Usimnyweshe chochote mtu aliyechanganyikiwa, atapaliwa. Usimpe Panadol, joto hili si la homa na dawa hiyo hailishushi. Na usikubali mtu aseme "ni malaria tu" mkapoteza nusu saa. Waambie watu wasogee: "Jamani, naombeni hewa, rudini nyuma!" Desturi yetu ya kumzunguka mgonjwa ili tumwone inamnyima upepo anaouhitaji.

Kwa siku nzima, nusu lita ya maji kwa saa juani inawatosha wengi, pamoja na kitu chenye chumvi: karanga, mahindi ya kuchoma, mishikaki. Kunywa lita nyingi mfululizo bila kula nako kunaweza kuleta madhara, kwa kuwa chumvi ya damu hushuka. Kinywaji kilichoachwa mezani mkaenda kucheza, mwageni. Chooni nendeni wawili, mmoja asubiri mlangoni.

Hatua ya 8: Kutoka na kulala

Ama ondokeni nyimbo mbili kabla ya mwisho, ama subirini nusu saa baada ya mwisho. Katikati ya hapo ndipo mageti hubana na vibaka hufanya kazi. Mkisubiri, vaeni majaketi, mle chipsi, mkae kwenye alama yenu.

Usafiri upangwe mchana. Dereva wa bajaji unayemjua, bei mmekubaliana, mahali pa kumkuta ni mtaa wa pili, si getini. Bodaboda ya watu watatu usiku wa manane, kwenye barabara yenye malori yaendayo Zambia, msikubali hata kama amepunguza bei. Walevi wasiendeshe chochote. Kama mmetoka mbali, kwa mfano Mafinga au Makambako, laleni gesti na msafiri asubuhi.

Kama mmoja wenu amefanyiwa ukatili wowote, kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto; nendeni usiku huohuo, nguo zisifuliwe wala asioge kabla ya kuonwa hospitali. Kwa aliyebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Mwenzake amsindikize hadi ndani, akae naye.

Kesho yake masikio yakiwa yanalia, yapumzisheni, msivae vipaza sauti vya masikioni. Mlio ukiendelea zaidi ya siku mbili, au sikio moja likawa zito, nendeni kwa daktari. Ngozi iliyoungua ipozwe kwa maji baridi, isipakwe mafuta ya kupikia wala dawa ya meno. Na anywe maji, hata kama asubuhi hiyo Mbeya imeamka na ukungu.